Hadija au Khadija: kisa cha pasipoti ya mama mmoja wa Kondoa

Mama alifungua khanga juu ya meza yangu, akatoa karatasi moja moja na kuzinyoosha kwa kiganja. Kitambulisho cha Taifa. Kadi ya mpigakura. Hati ya ndoa iliyokatika kwenye mikunjo na kuungwa kwa gundi ya karatasi. Kiapo cha kuzaliwa, yaani maelezo ya kuzaliwa yaliyoapiwa badala ya cheti, kipya kabisa, chenye mhuri wa buluu. Mwisho akatoa fomu ya maombi ya pasipoti pamoja na uthibitisho wa malipo ya shilingi 20,000. "Wamenirudisha, mwanangu," akasema. "Wanasema mimi si mimi."

Mimi ni msaidizi wa kisheria wilayani Kondoa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua, na huduma yetu ni ya bure. Kwa kawaida wanaokuja kwetu wana mambo ya mirathi na mipaka ya mashamba. Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu kila mwezi napata mtu mwingine aliyepoteza fedha na nauli kwa njia hiyohiyo, na karibu wote wanaamini wamekwama Uhamiaji, wakati kilichowakwamisha kilikuwa kwenye sanduku nyumbani kwao tangu zamani. Jina halisi la mama silitaji. Tofauti iliyokuwa kwenye karatasi zake ni ya aina ya Hadija na Khadija, kwa hiyo nitatumia hayo mawili.

Mama ana miaka 68, analima alizeti na ulezi kwenye kijiji kilicho nje ya lami, upande wa Pahi. Watoto wake walichanga ili aende Hija. Mmoja aliuza ng'ombe wawili, mwingine ana duka dogo Dodoma mjini, akajifunga kulipa kidogo kidogo. Kundi walilojiunga nalo lilitaka nakala ya pasipoti mapema, tena pasipoti yenye uhai usiopungua miezi sita. Walikuwa na wiki tisa. Waliziona nyingi mno, na nne kati ya hizo zilikwisha kabla mama hajanifikia.

Safari ya kwanza ilikuwa hivi. Mjukuu alimpeleka stesheneri mjini Kondoa, kwa kuwa maombi ya pasipoti hujazwa mtandaoni kupitia tovuti ya Uhamiaji, na kijijini kwao intaneti ni ya kupanda kilimani. Kijana wa stesheneri akauliza cheti cha kuzaliwa. Hakuna. Basi akawaelekeza kwa mtu mmoja pale stendi anayetengeneza viapo. Watu wa aina hiyo tunawaita vishoka. Kishoka akachukua shilingi 60,000, na saa mbili baadaye kiapo kikawa tayari. Hakumwuliza mama maswali zaidi ya jina na kijiji. Umri alikisia kwa kumtazama usoni. Wakarudi stesheneri, kijana akajaza fomu kwa kunakili kile kiapo, akatumia barua pepe yake mwenyewe, wakalipa 20,000 kwa kumbukumbu namba, fomu ikachapwa. Kesho yake alfajiri mama na mjukuu wakapanda basi kwenda Dodoma, zaidi ya kilomita 150, kwa sababu picha na alama za vidole za pasipoti zinachukuliwa kwenye ofisi ya mkoa.

Afisa aliyewapokea aliziweka karatasi mbili sambamba, kitambulisho cha Taifa na kiapo, akaona tofauti kabla hata hajakaa sawa. Kitambulisho kinasema Khadija, kiapo kinasema Hadija. Kitambulisho kina jina la babu, kiapo kinaishia kwa baba. Na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, yenyewe ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Yake inaanza na 1957, huku kiapo kinasema amezaliwa 1955. Halafu hati ya kuzaliwa ya mzazi haikuwepo kabisa. Afisa akawaambia kwa upole warudi nyumbani wakazipatanishe. Nimewasikia watoto wakilalamika juu ya hilo, na niliwaambia wazi kwamba sikubaliani nao. Angeyapokea maombi vile, pasipoti ingekwama mbele zaidi, wakati shilingi 130,000 zinazobaki nazo zimeshalipwa.

Nilianza kwa kuandika majina kama yalivyo, kila karatasi kwenye mstari wake. Kitambulisho cha Taifa: Khadija, jina la baba, jina la babu. Kadi ya mpigakura: Hadija, baba, babu. Hati ya ndoa: Hadija binti fulani, basi, kwa sababu wakati ule mwanamke alikuwa binti wa mtu kisha mke wa mtu, na babu hakuulizwa. Kiapo cha kishoka: Hadija na baba, na jina la baba nalo limepungua herufi moja. Nilipomsomea mama mistari hiyo minne alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hapo mimi ni yupi?"

Ni swali zito kuliko linavyosikika. Mama hajui kusoma. Jina lake anaitwa, halioni. Kijijini watu wanamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, na kwa Kirangi hiyo K ya mwanzo haina kazi yoyote. Mwaka 2019, wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, watu walipokimbilia kujiandikisha, mjukuu mwingine ndiye aliyemtajia karani jina herufi kwa herufi. Aliliandika kama alivyofundishwa madrasa, Khadija, na alikuwa sahihi. Waliotangulia kuandika Hadija nao waliandika walichosikia. Hapakuwa na mwongo kati yao.

Ilibidi tuchague. Njia moja ilikuwa kuomba taarifa za NIDA zirekebishwe ziwe Hadija, kwa kuwa ndilo jina lililozoeleka kwenye karatasi za zamani. Njia ya pili, kuiacha NIDA ilivyo na kuzivuta karatasi nyingine ziifuate. Nilimshauri ya pili, na sababu nilimweleza hivi: laini yake ya simu imesajiliwa kwa Khadija, akaunti anayotumiwa fedha na watoto ni ya Khadija, na kila ofisi siku hizi inauliza kwanza namba ya NIDA. Ukihamisha nguzo ya kati, nyumba nzima inahama. Kama kosa lingekuwa kwenye mwaka wa kuzaliwa au jina la baba ndani ya NIDA, ningemwambia tukarekebishe huko kwanza hata kama wiki zinakwisha. K moja haikustahili hiyo safari.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Mtu anayebadili jina, aliyekuwa Maria akawa Mariamu kwa sababu amesilimu au kuolewa, anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Mtu ambaye jina lake ni lilelile ila limeandikwa kwa tahajia mbili hajabadili kitu. Anachohitaji ni kiapo cha majina, kinachosema kwamba Hadija wa karatasi hii na Khadija wa karatasi ile ni mtu mmoja, na kutaja karatasi zenyewe kwa namba zake. Vishoka huwauzia wa kundi la pili hati za kundi la kwanza kwa sababu zina bei. Mama mwenyewe alikuwa ameshaambiwa aandae fedha nyingine "za kubadili jina".

Mwaka wa kuzaliwa haukusumbua sana. Kaka yake mkubwa bado yuko hai. Anasema usiku wa uhuru, Desemba 1961, mama alikuwa mtoto wa kukimbia na watoto wenzake lakini bado hajapewa kuchunga. Hiyo inalingana na 1957 vizuri zaidi kuliko 1955, maana kwao mtoto wa miaka sita alikuwa ameshakabidhiwa mbuzi.

La wazazi ndilo lililonichukua muda, na ndilo watoto waliliona kama usumbufu mtupu. "Babu amekufa tangu mwaka 1984, cheti chake cha kuzaliwa cha nini?" Niliwaeleza kwamba mama yao alizaliwa kabla ya nchi hii kuwa nchi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu wa hapa kama yeye alikuwa raia kuanzia siku hiyo kwa sharti kwamba angalau mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haikuuacha msingi huo. Kwa hiyo afisa anapouliza baba yako alizaliwa wapi, anauliza kiini cha uraia wenyewe. Nilipolisema hivyo yule mwana mwenye duka, aliyekuwa amekasirika kuliko wote, akasema, "Kumbe." Ndiye aliyekwenda kumchukua mjomba wake kwa pikipiki siku iliyofuata.

Tulikwenda kwa wakili mwenye mhuri wa Kamishna wa Viapo. Viapo vilikuwa vitatu. Cha kwanza kiapo cha kuzaliwa cha mama, kikiwa na majina yote matatu kama NIDA ilivyo, mwaka 1957, kijiji, tarafa, wilaya. Cha pili kiapo cha majina. Cha tatu kiapo cha kuzaliwa cha baba yake marehemu, na hicho aliapa kaka mkubwa, akieleza yeye ni nani, amemjuaje marehemu, na amejuaje kwamba alizaliwa hapahapa Kondoa. Kifungu hicho cha "amejuaje" ndicho kinachokipa kiapo uzito. Mtu akiapa juu ya kuzaliwa kwa mwingine bila kusema alijuaje, ameandika stori tu.

Nilimwonyesha mama tofauti ya kiapo hiki na kile cha stendi. Kwenye cha stendi mhuri ulikuwepo lakini jina la aliyeapisha halisomeki, na mahali kilipoapiwa hapakuandikwa, ingawa sheria inamtaka anayeapisha aandike jina lake, mahali na tarehe. Zaidi ya hapo, mama alikuwa ameweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Safari hii wakili alimsomea kila aya polepole, akamwuliza ameelewa nini, kisha akaandika chini kwamba mwapaji hajui kusoma, amesomewa na ameelewa. Alitutoza kidogo kuliko kishoka.

Mtendaji wa kijiji alitupa barua ya utambulisho siku hiyohiyo. Nilimwomba aandike jina kwa kuangalia kitambulisho, sio kwa kukumbuka, naye akafanya hivyo.

Kuna mtu atauliza kwa nini hatukutafuta cheti cha kuzaliwa chenyewe, maana mtu mzima naye anaweza kusajiliwa, na ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya ndiyo mlango wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, huku kwetu. Ningependa sana. Cheti ni bora kuliko kiapo na kitamfaa mama kwa mengine. Lakini wiki zilikuwa zimebaki nne, na kiapo kinakubalika kwa pasipoti. Nilimwambia cheti tutakifuata akirudi.

Fomu ya pili tuliijaza ofisini kwetu kwa kompyuta moja tuliyonayo, mjukuu akiwa kwenye kibodi na mimi nikisoma kitambulisho kwa sauti, herufi kwa herufi. Barua pepe ilikuwa ya mjukuu. Ile ya kwanza ilikuwa ya kijana wa stesheneri, na taarifa zote za maombi zilikuwa zikienda kwake, mtu ambaye hata namba yake ya simu hawakuwa nayo. 20,000 nyingine ikalipwa, maana ile ya kwanza hairudi. Jumla ya pasipoti ni 150,000 kwa miaka kumi: hiyo 20,000 ya fomu, na 130,000 baada ya maombi kupokewa. Mama aliniuliza mara mbili kama hiyo ndiyo yote. Ndiyo hiyo. Vingine vyote vilivyomla fedha, kishoka, nauli za watu wawili, usiku mmoja Dodoma, vilitokana na ile safari ya kwanza.

Nikamwambia jambo moja zaidi, akacheka. Nilimwomba kwa siku kumi asishike jembe, na kila usiku apake mafuta mikononi. "Msimu wa palizi huu, mwanangu!" Lakini nilikuwa nimeviona vidole vyake alipokuwa akizinyoosha karatasi. Ncha zilikuwa laini na zinang'aa kama kokoto la mtoni, mistari imefutika, na kwenye dole gumba la kulia palikuwa na ufa mweusi usiofunga. Miaka hamsini ya mpini, ya kupukuchua alizeti, ya majivu ya jikoni. Wazee wengi wa huku wamewahi kurudishwa dirishani kwenye kusajili laini kwa sababu mashine haikuona kitu. Mjukuu akachukua zamu yake shambani.

Tulifika Dodoma siku ya Jumanne, na safari hii nilikwenda nao. Mashine ilikataa mara tatu. Afisa akampa kitambaa chenye unyevu, akamfuta yeye mwenyewe kidole kimoja kimoja, akamwambia, "Bonyeza taratibu, mama, usikaze." Mkono wa kushoto ulipita. Wa kulia ulipita wote isipokuwa lile gumba lenye ufa, nalo likakubali mwishoni, baada ya kuligeuza kidogo pembeni. Mama alitoa pumzi kama mtu aliyetua mtungi.

Mahojiano nayo nilikuwa nimeyafikiria sana. Watoto walitaka nimfundishe majibu. Nilikataa, na nitakataa siku zote. Mzee akifundishwa majibu anaanza kukumbuka alichofundishwa badala ya maisha yake, na hapo ndipo anapojikwaa. Nilimwambia tu kwamba ataulizwa habari za kwao, aseme anavyojua, na asipoelewa Kiswahili cha afisa aombe arudiwe. Aliulizwa majina ya baba na babu, kitongoji, majirani, na kama amewahi kuhama. Hapo kwenye kuhama akafunguka. Akasimulia mwaka 1979, mifugo yote ilipoondolewa kwenye maeneo yale kwa ajili ya mmomonyoko, wakati wa HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Jinsi mume wake alivyowaswaga ng'ombe kwenda kuwaacha kwa shemeji mbali, na jinsi watoto walivyokosa maziwa mwaka mzima. Afisa aliacha kuandika akawa anasikiliza. Hakuna kiapo kinachoweza kuthibitisha mtu ni wa mahali fulani kama yale maelezo.

Pembeni yetu alikuwepo mzee wa kundi hilohilo la Hija aliyesafiri miaka mingi iliyopita, akidhani yeye "anaongeza muda" tu kwenye kitabu chake cha zamani. Pasipoti za aina ile ziliacha kutumika tarehe 31 Januari 2020, miaka miwili baada ya kuzinduliwa pasipoti ya kielektroniki, na pasipoti iliyokwisha haiongezwi muda, inaombwa mpya. Hata hivyo alimaliza mapema kuliko sisi. Jina lake lilikuwa moja kwenye kila karatasi.

Simu ya kuitwa ilikuja tukiwa tumebakiwa na siku tisa. Mama alikwenda kuchukua pasipoti na mwanawe wa Dodoma. Nilikuwa nimemwagiza yule kijana asiondoke dirishani kabla ya kusoma jina na tarehe na kulinganisha na kitambulisho, na alinipigia akiwa bado palepale. Akanisomea kila herufi, nami nikiwa Kondoa na nakala mbele yangu. Zilikuwa sawa zote. Nakala ikatumwa kwenye kundi mchana huohuo, kwa picha ya simu.

Wiki iliyofuata mama alirudi ofisini na kuku mmoja, ambaye sikumpokea kwa sababu haturuhusiwi, akamrudisha nyumbani kwa masikitiko. Hakuwa peke yake. Alikuja na mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja, naye ana khanga yake yenye karatasi. Tulizipanga mezani kama zile za kwanza. Jina la baba yao kwenye kitambulisho cha mdogo mtu lina herufi mbili tofauti na lilivyo kwa dada yake, na hapo kuna shamba la marehemu ambalo bado halijagawanywa. Tumempangia Jumatatu, aje na kaka yao mkubwa.